E6 na E7: kirusi kinazitengenezaje ndani ya seli?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo Daktari. Nasomea uuguzi, niko mwaka wa 2. Darasani tumefundishwa kwamba virusi vya HPV huleta saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ya protini zake mbili, E6 na E7. Nimekariri hivyo na mtihani nimefaulu, lakini moyoni sijaelewa. Kirusi ni kitu kidogo mno, hakili wala hakipumui. Protini hizo kinazitengenezaje ndani ya seli ya mtu? Na kama kila aliyeambukizwa anazo, mbona wengi hawapati saratani? La mwisho: kwa nini chanjo haimponyi aliyekwisha ambukizwa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, lakini mzizi wake ni mmoja. Kuwa na jeni za E6 na E7 ndani ya seli ni jambo moja. Kiasi cha protini kinachotokana na jeni hizo, katika seli ipi na kwa muda gani, ni jambo jingine kabisa, nalo ndilo linaloamua nani ataugua. Mafunzo mengi hupita hapo haraka, na sishangai kwamba umebaki na kiu.

HPV ni ukoo mkubwa. Aina zaidi ya 200 zimekwisha tambuliwa, na nyingi hazimdhuru mtu au humwachia chunjua tu. Aina 12 ndizo zilizothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Harald zur Hausen na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, ndio waliozipata hizo mbili ndani ya vivimbe vya saratani, mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini zingatia jambo hili: hata aina ya 6 na ya 11, zile zinazoleta masundosundo na ambazo ni nadra sana kuhusishwa na saratani, nazo zina jeni zinazoitwa E6 na E7. Kwa hiyo jina la jeni peke yake halijajibu swali lako.

Urithi wote wa kirusi hiki ni DNA ya duara yenye jozi za herufi zipatazo 8,000. Ya binadamu ina jozi bilioni 3. Katika kiduara hicho mna jeni chache: zile zinazotajwa kwa herufi E, ambazo nyingi hutumika mapema, na mbili za L, yaani L1 na L2, ambazo hutumika mwishoni kujenga ganda la kirusi. Sehemu iliyobaki, kama moja ya kumi ya duara, haiandiki protini yoyote. Ni sehemu ya udhibiti. Wanafunzi wengi huiruka kwa sababu haina jina la kukariri, na mimi nadhani ndiyo ingepaswa kufundishwa kwanza.

Sasa tazama kisichokuwamo. Hakuna jeni ya polimerasi, kile kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni. Hakuna ya ribosomu, mashine inayousoma ujumbe huo na kujenga protini. Hakuna hata polimerasi ya kurudufu DNA ya kirusi chenyewe. Protini yake ya E1 inaweza kuufungua uzi wa DNA, lakini wa kuunakili ni mwenyeji. Kirusi kimekuja na maandishi tu. Mwandishi, msomaji, kalamu na karatasi, vyote ni vya seli.

Kinaingiaje? Ngozi laini ya mlango wa kizazi imepangwa tabaka juu ya tabaka, na seli zinazogawanyika ziko chini kabisa. Kirusi huzifikia kupitia mkwaruzo mdogo ambao mwenyewe hata hauhisi. Kikishaingia ndani ya seli, husubiri. Seli inapogawanyika, utando wa kiini chake huvunjika kwa muda, na hapo DNA ya kirusi hupata upenyo wa kuingia kwenye kiini. Humo hukaa kama duara huru, kando ya kromosomu, katika nakala makumi machache kwa kila seli.

Hapa ndipo swali lako la kwanza linapoanza kujibika. Seli za ngozi na za tando laini zina protini zake za kawaida zinazowasha jeni, kama AP-1 na Sp1. Sehemu ya udhibiti ya HPV imejaa vituo ambavyo protini hizo hutua. Zikishatua, humwita polimerasi wa mwenyeji, naye huanza kunakili mahali panapoitwa promota. Katika HPV16 promota hiyo huitwa p97, kwa sababu unakili huanzia kwenye herufi ya 97. Ni kwa sababu hiyo pia kirusi hiki hakisumbui ini wala mapafu ovyo ovyo: vituo vyake vinazitaka protini ambazo seli za tabaka za ngozi ndizo zenye mchanganyiko wake sahihi.

Kinachotoka kwenye p97 ni uzi mrefu wa RNA wenye jeni kadhaa zimefuatana. E6 iko mwanzo, E7 inafuata, kisha nyinginezo. Na hapa kuna mkwamo ambao ningependa uutafakari kabla ya kuendelea kusoma. Ribosomu ya binadamu haikuzoea uzi wa namna hii. Desturi yake ni ujumbe mmoja, protini moja: hushika ncha ya mwanzo ya uzi, huteleza mpaka ikutane na herufi AUG, ambazo ni alama ya kuanzia, hujenga protini, na ikifika kwenye alama ya kusimama huachia. Kama ni hivyo, ingejenga E6 na kuondoka zake. E7, iliyo nyuma, ingepatikana wapi?

Jibu liko kwenye ukataji. Seli zetu zina mazoea ya kuukata ujumbe mpya wa RNA kabla haujatoka kwenye kiini, kutupa kipande cha katikati kiitwacho introni, na kuziunga ncha mbili zilizobaki, kama fundi cherehani anavyopunguza kitambaa kilichozidi kiunoni. HPV16 ina alama za kukatia ndani ya jeni yenyewe ya E6. Moja iko kwenye herufi ya 226, nyingine kwenye ya 409. Mashine ya seli ikizitambua zote mbili, herufi 182 za katikati hutupwa. Jeni ya E6 hapo imevurugika: usomaji wa herufi tatutatu unahama mstari, na muda mfupi baada ya kiungo ribosomu inakutana na alama ya kusimama. Kinachopatikana ni protini fupi tu, ambayo watafiti wameipa jina la E6*I.

Ukitazama haraka utasema kirusi kimejiharibia jeni yake. Lakini pima umbali. Ribosomu inapomaliza kusoma jeni ya kwanza, mara nyingine sehemu yake ndogo hubaki juu ya uzi na kuendelea kuteleza. Ikipata nafasi ya kukusanya tena vifaa vya kuanzia, inaweza kuanza upya kwenye AUG inayofuata. Katika ujumbe usiokatwa, kati ya mwisho wa E6 na AUG ya E7 kuna herufi 2 tu. Haitoshi. Katika ujumbe uliokatwa, alama ya kusimama imesogea nyuma, na nafasi imekuwa herufi 145 hivi. Isitoshe, ribosomu iliyosoma jeni fupi huweza kuanza upya kwa urahisi kuliko iliyosoma ndefu. Kwa hiyo ujumbe usiokatwa hutoa E6 kamili, na uliokatwa hutoa E7 kwa wingi. Kuna ushahidi pia kwamba baadhi ya ribosomu huipita AUG ya E6 bila kusimama na kuifikia ya E7 moja kwa moja, kwa hiyo usiifanye njia hii kuwa ya pekee. Lakini ukataji ndio mpini. Katika seli za saratani za HPV16 na 18, sehemu kubwa ya ujumbe wa E6 na E7 hukutwa umekwisha katwa.

Nani anaamua kukata au kuacha? Ni protini za mwenyeji tena, zile zinazoshika RNA na kuelekeza mkasi. Nazo husikiliza hali ya seli. Katika maabara, seli zenye HPV16 zikinyimwa EGF, ambayo ni ishara ya ukuaji, ukataji huongezeka na E7 hupata nafasi zaidi. Zikipewa, introni hubakizwa zaidi na E6 kamili huongezeka. Mimi nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Kirusi kisicho na akili wala ubongo kimejikuta na mizani kati ya protini zake mbili, na mizani hiyo inasukumwa na mkono wa seli yenyewe. Mwaka 2019 likaongezwa jambo jingine: watafiti walionyesha kwamba RNA ya HPV16 huweza pia kufungwa ikawa duara lenye jeni ya E7, na kwamba duara hilo nalo husomwa na kutoa protini.

Aina ya 6 na ya 11 hazina introni hiyo ndani ya E6. E6 na E7 zake hutoka kwenye promota mbili tofauti. Na protini zenyewe ni pole zaidi, kama utakavyoona.

Sasa breki. Miongoni mwa protini za mapema iko inayoitwa E2. Katika sehemu ya udhibiti ya HPV16 kuna vituo vinne vya E2, na viwili kati yake vimebanana kabisa na promota. E2 inapokuwa chache, unakili huendelea. Inapozidi, hujaza vile vituo viwili, na Sp1 pamoja na vifaa vya kuanzishia unakili hukosa pa kutua. Unakili wa E6 na E7 hupungua. Na kwa kuwa E2 yenyewe hutokana na ujumbe wa promota ileile, kadiri promota inavyofanya kazi ndivyo breki inavyoongezeka. Kumbuka jina hili, E2. Tutalirudia.

Labda unajiuliza kwa nini kirusi kinazihitaji E6 na E7 hata kidogo, maana kuua mwenyeji si faida kwake. Fuata seli ya ngozi inavyopanda. Inazaliwa chini, inasukumwa juu, na ikianza kupanda huacha kugawanyika. Seli isiyogawanyika huzima mitambo yake ya kurudufu DNA. Kwa kirusi kisicho na polimerasi yake, hiyo ni njaa. E7 ndiyo inayoiwasha tena mitambo hiyo. Ni protini ndogo, ya asidi amino 98 tu katika HPV16, na hushika protini ya seli iitwayo pRb, ambayo kazi yake ni kuwafunga E2F, waamshaji wa jeni za kurudufu DNA. E7 inaishika pRb, inaipeleka ikaharibiwe, na E2F wanabaki huru. Seli iliyokwisha staafu inarudi kazini. Uhusiano huo wa E7 na pRb ulionyeshwa mwaka 1989.

Seli nayo si mjinga. Ikiona urudufu wa DNA unafanyika wakati usio wake, huinua p53, mlinzi anayesimamisha mzunguko wa seli au kuiamuru ijiue. Bila ya kumwondoa huyo mlinzi, E7 ingeiua seli iliyoibeba. Hiyo ndiyo kazi ya E6, yenye asidi amino kama 150. Haimkabili p53 peke yake. Hushikana na protini ya mwenyeji iitwayo E6AP, na kwa pamoja humbandika p53 alama ya yubikwitini, ambayo ndani ya seli ni amri ya kutupwa kwenye proteasomu, kinu cha kusagia protini zisizotakiwa. Mambo haya yalifumbuliwa kati ya 1990 na 1993. E6 ya aina hatari ina kazi nyingine mbili za kuzijua: huiamsha telomerasi, kimeng'enya kinachozuia ncha za kromosomu zisifupike, na mkia wake hushika protini zinazozipa seli mpangilio na mwelekeo. E6 ya aina ya 6 na ya 11 haiharibu p53 namna hiyo, na E7 yake huishika pRb kwa udhaifu.

Katika maambukizi ya kawaida, basi, mambo yamepangika hivi. Chini kabisa, kwenye seli zinazogawanyika na kudumu, E6 na E7 hutengenezwa kwa uchache. Seli inapopanda tabaka za kati, huongezeka, DNA ya kirusi inarudufiwa mpaka nakala maelfu, kisha promota nyingine hushika zamu. Katika HPV16 huitwa p670, nayo iko ndani ya jeni ya E7. Hiyo ndiyo inayoelekea kwenye protini za mwisho, L1 na L2 zikiwamo. Virusi vipya vinafungashwa, seli inabanduka, navyo vinaenda zao.

Jibu la swali lako la pili limejificha humo. Seli zinazotengeneza E6 na E7 kwa wingi ni zile zilizokwisha andikiwa kubanduka ndani ya siku chache au wiki chache. Hata zikivurugwa vipi, hazina maisha ya kutosha kuzaa saratani. Na zile za chini, zenye maisha marefu, zina kiasi kidogo kwa sababu ya udhibiti. Juu ya hayo, kinga ya mwili huamka. Kati ya kila watu 10 walioambukizwa, 9 hivi huwa hawana tena maambukizi yanayoonekana kwenye vipimo ndani ya miaka 2. Kinga ikidhoofika hesabu hubadilika, na ndiyo sababu mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi ana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii.

Sasa yule mmoja kati ya 10. Maambukizi yakidumu miaka, ajali inaweza kutokea. DNA ya seli hukatika mara kwa mara na kuungwa, na katika kuungwa huko duara la kirusi linaweza kukatika nalo na kushonwa ndani ya kromosomu ya binadamu. Duara likikatika, ni lazima likatike mahali fulani, na katika saratani nyingi hukutwa limekatikia kwenye E1 au E2. Lingekatikia kwenye E6 au E7, seli isingepata nguvu yoyote ya kuwashinda jirani zake na tusingeiona kamwe. Likikatikia kwenye E2, breki imeondoka. Promota imebaki nzima, E6 na E7 zimebaki nzima, na hakuna wa kuzizuia.

Kuna la pili linalosahaulika. Ujumbe wa kawaida wa E6 na E7 huishia kwenye mkia wa RNA ya kirusi ambao una herufi zinazoufanya uoze upesi. Jeni zikishachomekwa kwenye kromosomu, mkia huo hupotea na ujumbe huishia kwenye RNA ya binadamu iliyo jirani. Hudumu zaidi kabla ya kuoza, na ribosomu huusoma mara nyingi zaidi. Kwa hiyo unakili umeongezeka na kuoza kumepungua, yote mawili kwa pigo moja. Na safari hii ni kwenye seli ya chini, inayogawanyika.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni seli za HeLa, zilizotoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, bila yeye kuombwa ridhaa, nalo ni jambo ambalo anayefundisha sayansi hii hapaswi kulipita kimya. Miaka zaidi ya 30 baadaye iligundulika kwamba seli zake zina HPV18 iliyochomekwa kwenye kromosomu ya 8, karibu na jeni ya MYC, ambayo yenyewe ni mchochezi mkali wa ukuaji. Mwaka 1985 kundi la Heidelberg lilionyesha kwamba jeni za kirusi zinazonakiliwa katika seli hizo na nyingine za aina yake ni zaidi ya yote E6 na E7. Linganisha na seli za SiHa, nazo za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara: zina nakala 1 au 2 tu za HPV16. Seli za CaSki, za aina hiyohiyo, zina mamia. Zote ni saratani. Idadi ya nakala haikuamua. Kilichoamua ni kwamba E6 na E7 zinanakiliwa bila kukoma.

Nisikupotoshe: si kila saratani ya HPV ina kirusi kilichochomekwa. Kwa HPV18 karibu zote zinacho. Kwa HPV16 ni kama robo tatu. Katika zilizobaki, duara lipo huru, na njia za kuipofusha breki ni nyingine, kama vikundi vya methili, vibandiko vidogo vya kikemikali, kubandikwa kwenye vituo vya E2 hata E2 ikifika isiweze kushika. Njia mbalimbali, mwisho uleule. Na kwa kirusi mwisho huo ni kifo, kwa sababu kirusi kilichochomekwa na kukatika hakiwezi tena kujenga kirusi kipya. Saratani haikuwa kusudi la HPV. Ni mtambo ulionaswa ukiwa umewashwa.

Hata hapo bado si saratani. Seli isiyo na p53 wala pRb inarudufu DNA yenye makosa bila kusimamishwa. E7 huvuruga pia zile nguzo mbili zinazovuta kromosomu wakati wa kugawanyika, zikawa tatu au nne, na kromosomu zikagawanywa ovyo. Makosa yanalimbikizana mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria miaka 15 hadi 20 kutoka mabadiliko ya seli hadi saratani kwa mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa. Wewe utakapokuwa wodini, muda huo mrefu ndio mtaji wako.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko mengine yote katika uwanja huu. Protini za E6 na E7 hazidumu. Huoza ndani ya saa chache, na ni lazima zitengenezwe upya kila mara. Mwaka 2000 Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walirudisha E2 ndani ya seli za HeLa, seli ambazo zilikuwa zimegawanyika katika maabara za dunia kwa karibu miaka 50. E2 ikaizima promota. E6 na E7 zikaisha. p53 ikarudi, njia ya pRb ikarudi, na seli zikaacha kugawanyika na kuzeeka. Walinzi walikuwa wazima muda wote. Jeni zao hazikuwahi kuharibika. Zilikuwa zinatoa protini kila siku na protini hizo zinaharibiwa kila siku. Katika saratani nyingine nyingi jeni ya p53 yenyewe imevunjika na haina pa kurudi. Katika hii, mara nyingi iko nzima. Ndiyo maana watu bado wanahangaika kutafuta dawa ya kuzuia E6 na E7, ingawa mpaka sasa hakuna iliyofika wodini.

Utakutana na kivuli cha mambo haya kwenye majibu ya maabara. Daktari wa patholojia akiandika kwamba kipande cha nyama kina p16 nyingi, si protini ya kirusi anayoitaja. Ni ya seli. Kwa kawaida pRb huizuia p16 isipande. E7 ikimwondoa pRb, p16 hupanda bila kikomo na rangi ya kahawia huijaza seli kwenye kioo. Ni alama ya kwamba E7 iko kazini. Vivyo hivyo, kuna vipimo vinavyotafuta DNA ya kirusi na vingine vinavyotafuta mRNA, yaani ule ujumbe wa RNA, ya E6 na E7. Cha kwanza kinauliza kama kirusi kipo. Cha pili kinauliza kama jeni hizo zinanakiliwa.

Nimalizie na chanjo. Iliyoidhinishwa kwanza mwaka 2006, na zilizofuata, zimetengenezwa kwa protini ya L1 peke yake. L1 zikiachwa hujipanga zenyewe kuwa ganda tupu, lisilo na DNA, kwa hiyo halina E6 wala E7 na haliwezi kumwambukiza mtu wala kumletea saratani. Mama atakayekuuliza hilo mjibu hivyo bila kusita. Mwili hutengeneza kingamwili za kulishika ganda hilo kabla kirusi hakijaingia kwenye seli. Sasa kumbuka tulivyosema: L1 hutengenezwa juu, kwenye seli zinazokaribia kubanduka. Seli ya chini iliyokwisha ambukizwa haina L1, na iliyochomekewa kirusi haitakuwa nayo kamwe. Kingamwili hazina cha kushika hapo. Chanjo za tiba, zinazoifundisha kinga kuzitambua E6 na E7 zenyewe, zimekuwa zikijaribiwa kwa miaka mingi, na mantiki yake unaweza sasa kuieleza mwenyewe: hizo mbili ndizo protini ambazo seli ya saratani haiwezi kuziacha.

Kwa sasa tiba ni kuiondoa au kuiunguza sehemu yenye mabadiliko kabla haijawa saratani. Na mwanamke atakayekuja mbele yako na kipimo chanya cha HPV, mwambie kile ambacho kipimo kimeona: kirusi kipo. Kipimo cha DNA hakijaona kama breki imekatika. Mlango wa kizazi ukikutwa na mabadiliko atatibiwa, na usipokuwa nayo atapangiwa tarehe ya kurudi kupimwa tena. Asiiache tarehe hiyo.